Mkalimani alisema "msaada wa mtoto"

Binti yangu alikuwa na wiki sita, amelala kwenye kile kiti chake cha gari nilichokiweka sakafuni karibu na miguu yangu. Afisa alikuwa ng'ambo ya meza akisoma maswali kwa Kiingereza, na mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamume ambaye sura yake sikuiona wala sijui alikuwa jimbo gani. Tulipita jina, tarehe ya kuzaliwa, kodi ya nyumba, kiasi kilichopo benki. Kisha akaniuliza: "Mama, unakubali kushirikiana na jimbo kuhusu msaada wa mtoto?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekwenda pale kuomba msaada, na mtoto ndiye huyo amelala. Ningekataaje?

Miezi mitano baadaye ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimeulizwa kama nataka kusaidiwa. Niliulizwa kama nitashirikiana kumtafuta baba yake ili alipe, na kama haki yangu ya kudai pesa hizo naikabidhi kwa jimbo la Texas kwa muda wote nitakaokuwa napokea fedha za serikali. Wenzetu hapa Marekani huiita chaildi sapoti. Sisi tuna neno letu, tena zuri na la wazi: matunzo. Hata Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa inasema "kudai matunzo", na kila mwanamke aliyesikia alijua kuna mwanaume anatafutwa. Yule mkalimani angesema "matunzo ya mtoto" ningemzuia palepale nikauliza maswali kumi. Alisema "msaada".

Mimi ni Mbembe wa Fizi, Kongo. Nilivushwa Ziwa Tanganyika nikiwa mgongoni mwa mama mwaka 1996, nikakulia Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, nikafika Fort Worth mwaka 2016. Kule kambini, binti akipata mimba mambo yalikwenda kwa kikao. Wazee wa upande wake na wazee wa upande wa kijana huketi, faini hutajwa, mahari huanza kuzungumzwa, na kijana akikimbia, mtoto hulelewa kwa babu yake mzaa mama na hakuna ofisi inayoingia katikati. Hayo ndiyo niliyoyajua. Na baba wa mtoto wangu naye ni wa Nyarugusu, tulikutana kwenye kwaya hapahapa Fort Worth. Watu wake walishaahidi kumpigia mjomba wangu simu kuhusu mahari. Simu ilichelewa, mimba haikuchelewa. Hatukuwahi kukaa nyumba moja.

Hakuikataa mimba, hilo niliseme kwa haki. Ila siku mtoto alipozaliwa, Machi 2018, yeye alikuwa zamu kwenye ghala, anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo, na msimamizi wake hakumruhusu kutoka. Mama mmoja wa hospitali alikuja na karatasi ya baba kukiri mtoto. Kwa wazazi wasiooana hapa Texas, jina la baba haliandikwi kwenye cheti cha kuzaliwa mpaka wote wawili wasaini karatasi hiyo, au mahakama iamue. Alisema tunaweza kusaini baadaye pia. Nikaikunja, nikaiweka kwenye mfuko wa nepi. Ilikaa humo mpaka ikachanika. Nikiulizwa leo ni kosa gani lililonigharimu kuliko yote, nitataja karatasi ile kabla ya kumtaja mkalimani.

Kazi yangu ya kufungasha haikuwa na likizo ya uzazi yenye malipo. Nilipokaa nyumbani wiki ya tano, kodi ilikuwa imeshanishinda, na ndiyo maana nikaenda kuomba. Nilipata Medicaid ya mtoto, yaani bima ya afya ya serikali, stempu za chakula, na zile fedha taslimu za TANF, msaada wa serikali kwa familia maskini zenye watoto, ambazo kwa mama mmoja na mtoto mmoja hazikufika dola 300 kwa mwezi. Watu wa kanisani walidhani nalipwa mshahara na serikali.

Wakati huohuo, Jumapili moja moja baada ya ibada, baba wa mtoto alikuwa ananivuta pembeni ya mlango wa ukumbi na kunipa dola 100. "Hizi za maziwa," anasema. Mara nyingine analeta katoni ya nepi. Nilishukuru kwa moyo wote. Hatukuandikiana hata mstari mmoja, kwa sababu ni nani anayemwandikia risiti baba wa mtoto wake?

Oktoba barua ikamfikia. Alikuja nayo usiku, bado amevaa fulana ya kazini, akaiweka juu ya meza.

"Mimi nimekukosea nini mpaka unipeleke kwa serikali?"

"Sijakupeleka popote."

"Jina lako hili hapa. Na la mtoto hili hapa."

Tukamwita mtoto wa jirani, kijana wa sekondari, atusomee. Alisoma taratibu, akarudia, kisha akasema, "Mjomba, siyo shangazi aliyefungua kesi. Ni jimbo." Baba wa mtoto hakumsikia, na simlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa.

Sasa naelewa, na nitaeleza jinsi nilivyotamani mtu anielezee. Sheria iliyoanzisha TANF ni ya mwaka 1996. Inasema mzazi anayepokea fedha hizo lazima aikabidhi serikali haki yake ya kudai matunzo kwa kipindi hicho, na lazima asaidie kumpata mzazi mwingine. Ukikataa bila sababu inayokubalika, fedha hupunguzwa, na hapa Texas unaweza kuzikosa zote. Kila jimbo lina idara inayofuatilia. Kwetu iko chini ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mantiki yao ni kwamba hela iliyolisha mtoto ilitoka kwenye mfuko wa umma wakati baba yupo, basi baba airudishe. Kwa hiyo kesi yetu haikuwa yangu. Nisingeweza kuifuta hata kama ningelia.

Wazee wa kanisa walikuja kuniambia niifute. Walikuja watatu, wakaketi sebuleni, nikawapa chai. "Binti yetu," mkubwa wao akaanza, "kijana hajamkana mtoto. Mambo ya damu hayaendi kwa wazungu. Futa, halafu sisi tutaketi na kijana." Nikawaambia siwezi, wakaona ni kiburi. Mmoja akauliza, "Kwani mtoto ni wa serikali?" Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ni kwamba mtoto ni wetu, ila deni ni la serikali, na deni hilo nililisaini mimi kwa mkono wangu bila kujua. Miezi mitatu nilikuwa naimba kwaya safu ya nyuma kwa sababu wenzangu hawakutaka kusimama nami.

Hapa niseme neno kwa dada zangu ambao baba wa watoto wao ni hatari. Kama amekupiga, amekutishia, au mimba ilitokana na kulazimishwa, sheria inakubali hiyo kuwa sababu ya kutoshirikiana. Lakini lazima uiseme, na ni bora useme siku ileile ya maombi, kabla barua haijamfikia na anwani yako haijawekwa kwenye faili. Kuna wanawake wanaona aibu kumwambia mkalimani mwanaume, tena huenda ni mtu wa kabila lao. Unaweza kuomba mkalimani mwanamke. Mimi sikuwa na shida hiyo, baba wa binti yangu hajawahi kuniinulia hata sauti zaidi ya usiku ule, lakini namjua mwenzetu mmoja ambaye alinyamaza na hakupaswa kunyamaza.

Kikao cha kwanza kilikuwa Januari 2019. Hakukuwa na jaji. Kilikuwa chumba kidogo, afisa mmoja, sisi wawili na simu ya spika katikati ya meza. Safari hii nilimuuliza mkalimani kabla ya kuanza: "Kaka, ukifika kwenye yale maneno, utasema nini?" Akasema, "Matunzo, dada." Alikuwa Mkenya. Nikatulia.

Baba wa mtoto aliomba kipimo cha DNA. Najua ni kaka zake waliomshauri. Afisa alisema ni haki yake na kwamba sisi hatutalipa kitu, lakini niliinama kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja. Walipitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la kila mmoja, mtoto akacheka. Majibu yaliporudi yalisema nilichokuwa nimekisema tangu mwanzo. Hakuniomba radhi siku ile. Aliniomba mwaka mwingine kabisa, kwenye simu, tukiongea mambo mengine.

Kikao cha pili ndicho kilikuwa cha hesabu. Texas haina mjadala mrefu: mtoto mmoja ni asilimia 20 ya kipato cha baba baada ya makato ya kodi, watoto wawili ni 25. Yeye alikuwa anabakiwa na karibu dola 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo 400. Alipoisikia namba akafungua begi lake akatoa risiti za kutuma pesa, bunda zima, limefungwa kwa mpira. Za mama yake aliyebaki Nyarugusu, za wadogo zake wawili wanaosoma. Akazipanga mezani moja moja. Afisa alizitazama kwa heshima kabisa, kisha akasema kwamba sheria inapunguza asilimia kama baba ana watoto wengine anaopaswa kuwatunza, lakini mama mzazi na wadogo hawamo kwenye hesabu. Mkalimani alipotafsiri, sauti yake nayo ilishuka. Sote watatu tulijua pesa ile ni mahindi ya nani na ada ya nani. Mimi mwenyewe natuma kule. Sheria hii iliandikwa na watu ambao mama zao hawako kambini, na mpaka leo nikiifikiria hesabu ile naona kuna mtu aliyesahauliwa.

Kisha afisa akaniuliza kama baba amewahi kunipa chochote tangu mtoto azaliwe.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshaambiwa na mwanamke mmoja kwamba anayepokea TANF akipewa pesa mkononi na baba wa mtoto anatakiwa kuitangaza. Sikuitangaza hata moja. Nikisema ndiyo, najifunga mimi. Nikisema hapana, anabebeshwa miezi yote ya nyuma kana kwamba hakumjali mtoto wake. Yeye hakusema kitu, aliendelea kuzikusanya zile risiti. Nikasema ndiyo, mara saba hivi, dola mia mia, na nepi.

Ilinigharimu. Baadaye niliandikiwa kwamba nililipwa zaidi ya nilivyostahili, nikakatwa kidogo kidogo. Lakini deni lake la miezi ya nyuma lilipunguzwa, kwa sababu kabla ya amri ya matunzo kutolewa wanaweza kuzingatia alichokuwa anakitoa. Nataka akina baba waelewe tofauti hii, maana ndipo wengi wanapoumia: kabla ya amri, ulichompa mama kinaweza kuhesabiwa mkiweza kukithibitisha. Baada ya amri, pesa ya mkononi ni zawadi. Ukimpa dola 400 kwa mkono na ukaacha kulipa kupitia ofisi, unadaiwa 400 bado, na hapa deni la matunzo linazaa riba ya asilimia 6 kwa mwaka.

Tulisaini. Kwa amri hiyo ubaba ukathibitishwa rasmi, na njia ya kuingiza jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa ikafunguka. Kwenye amri kulikuwa pia na ratiba ya kumchukua mtoto: mwisho wa wiki ya kwanza, ya tatu na ya tano ya mwezi, na jioni za Alhamisi. Hilo watu wetu hawalijui. Wanadhani ofisi ile ni ya kumkamua baba tu. Mwanaume aliyekuwa anamwona mtoto mlangoni mwa ukumbi wa kanisa alitoka pale na siku zake zimeandikwa.

Ugomvi mkubwa ulikuja Machi, mwezi wa kwanza mshahara kukatwa. Alinipigia: "Wamekata mia nne. Umenunua nini?" Nikamwambia nimeingiziwa 75. Akakata simu. Aliamini kabisa nimemdanganya, na mtu yeyote angeamini, maana kwake karatasi za mshahara za mwezi zinasema 400. Nilipanda basi mbili nikamfuata kwake, nikamwonyesha salio la kadi. Mama akiwa anapokea TANF, pesa ya baba inaingia serikalini kufidia walichomlipa mama. Texas inamwachia mama hadi dola 75 kwa mwezi. Majimbo yanatofautiana: Colorado ilianza mwaka 2017 kumpa mama matunzo yote ya mwezi ule. Ndugu zetu wanahama sana kati ya majimbo, kwa hiyo usichukue ushauri wa dada aliye Denver ukautumia Fort Worth.

Tulikaa kwenye ngazi za nyumba yake tukapiga hesabu. Mimi napokea chini ya 300 kutoka serikalini na 75 juu yake. Nikiacha TANF, 400 zake zitakuja kwangu zote. Nilijiona mjinga kwa kutolifikiria mapema, lakini pia niliogopa, kwa sababu TANF huja hata kama baba amefukuzwa kazi, na matunzo hayaji. Nilipata kazi ya usiku ya kufua mashuka, jirani akakubali kulala na mtoto, ndipo nikaiacha ile fedha. Medicaid ya mtoto ilibaki. Mei zikaingia 400. Nilimpigia kumwambia. Hakusema mengi, alisema, "Basi mnunulie kiatu cha kanisani."

Miezi ya TANF haikufutika kwa kuacha. Deni la kipindi kile bado ni la jimbo. Kilichobadilika ni kwamba matunzo ya kila mwezi mpya yanakuwa ya mtoto.

Mwishoni mwa mwaka huo alihamia karibu na Amarillo kwenye kiwanda cha nyama, zaidi ya maili 300 kutoka kwetu. Watu wakasema amekimbia. Hakukimbia, alifuata mshahara. Waajiri wote huripoti mtu mpya wanayemwajiri, kwa hiyo makato yalimfuata, ila miezi miwili ilipita katikati bila malipo. Halafu ikaja 2020. Kiwandani waliugua wengi, saa zikapunguzwa, akawa anakatwa karibu nusu ya anachopata. Aliona aibu kwenda kuomba amri ibadilishwe. Alingoja. Hapo ndipo ningemshika mkono kila baba ninayemfahamu nimpeleke ofisini siku kazi inapopungua, siyo miezi minne baadaye, kwa sababu jaji anaweza kupunguza ya mbele lakini deni la miezi iliyokwisha pita hawezi kulifuta. Zile dola 1,200 ambazo serikali iliwatumia watu mwaka ule hakuzipata. Zilizuiwa kwa ajili ya deni. Nyingine zilikwenda kwa jimbo, nyingine zikaja kwangu, na nilizitumia nikijua kwamba mama yake Nyarugusu alikuwa anazisubiri.

Mwaka 2023 alinipigia usiku. Anajaza fomu ya uraia na kaka zake wamemtisha kwamba deni la matunzo litamnyima. Nilimwambia siyo uongo: anayekataa makusudi kumtunza mtoto wake anaweza kuonekana hana mwenendo mwema, na uraia akaukosa. Deni likizidi dola 2,500 hata pasipoti hupewi. Lakini yeye alikuwa amebakiza kidogo, na alikuwa analipa. Alichohitaji ni orodha ya malipo yake, na Kiingereza cha kwenye kompyuta kilikuwa kinamshinda. Nikamwomba namba zake, tukafungua pamoja, yeye Amarillo, mimi jikoni kwangu.

Kurasa zilikuwa nyingi. Kila wiki aliyofanya kazi ilikuwa mle, tangu Machi 2019, na yale mapengo mawili yalionekana kama meno yaliyong'oka. Nilizisoma kwa sauti kuanzia juu, tarehe na kiasi, naye akawa anaitikia, "Ndiyo, ile ilikuwa ghalani. Ile kiwandani." Tulipofika mwisho akauliza kama zile mia za mlangoni kanisani nazo zimo. Nikamwambia hazimo. Binti yetu alikuwa bado hajalala. Alitaka kujua baba yake anahesabu nini, akachukua simu akamuuliza mwenyewe.